Jikoni kwa Shangazi: keki za Krismasi, boga la mkwe na zabibu za kwetu

Mbukwenyi wasomaji. Kila mwaka ikifika Oktoba maswali ya mlenda na maharage yanakauka, inakuwa ni keki, keki, keki mpaka mwaka mpya, na mwaka huu naona na mapai yameingia. Sawa, mimi sikatai. Nimechukua maswali saba, mengine nimeyafupisha maana kuna mtu aliniandikia historia ya ndoa yake yote ndo akauliza habari ya siagi mwishoni kabisa.

Dar ilikuwa inatoka, Dodoma inazama

*Shikamoo shangazi. Nimehamia Dodoma na ofisi mwaka jana, nakaa Kisasa. Nikiwa Dar keki zangu zilikuwa zinasifiwa mpaka watu wananipa oda. Huku vipimo vilevile, oveni ileile nimekuja nayo kwenye fuso, lakini keki inapanda haraka haraka alafu katikati inabonyea inabaki kama sahani ya supu. Majirani wanasema unga wa huku ndo mbaya. Ni kweli? – Mtumishi, Kisasa*

Marahaba mwanangu. Unga mnausingizia bure. Tatizo ni kwamba umepanda mlima hujajua kama umepanda.

Dar ulikuwa usawa wa bahari, hapa mjini Dodoma uko juu mita 1,100 na kitu. Hewa ya huku ni nyepesi, haikandamizi keki kama ya pwani, kwa hiyo ile gesi inayotoka kwenye beking pauda inavimba inavyotaka, keki inapanda mbio kabla mayai na unga havijashikana, ikifika juu hamna kitu cha kuishikilia inarudi chini. Hata maji huku yanachemka kwenye nyuzi kama 96, hayafiki zile 100 za pwani, ndo maana maharage yanakumalizia mkaa na wewe unalaumu muuza maharage.

Sasa fanya hivi. Kila kijiko kidogo cha beking pauda toa robo yake. Sukari toa kijiko kikubwa kimoja kwa kila kikombe, maana sukari nyingi nayo inailegeza keki. Ongeza maziwa vijiko vikubwa viwili, hewa yetu ni kavu hasa miezi hii kabla mvua haijashika, unga unafika jikoni umekauka kama vumbi la barabarani na unakunywa maji kuliko wa Dar. Oveni ipandishe nyuzi kama 10 juu ya ulizozoea ili keki ishikane mapema, na uanze kuichungulia dakika chache kabla ya muda wako wa zamani. Kuchungulia nasema kwa kioo! Ukifungua mlango kabla robo tatu ya muda haijapita, hiyo sahani ya supu umeitaka mwenyewe.

Jambo lingine ni mayai. Kama huku umehamia kwenye mayai ya kienyeji, ni matamu ila ni madogo, matano yanakuwa kama manne ya kisasa. Pima kwa macho basi, usihesabu tu.

Chini makaa, juu uji

*Dada mpishi, habari za kazi. Mimi oveni sina, nina jiko la mkaa na masufuria. Krismasi iliyopita niliweka makaa chini na juu kama nilivyoona watu wanafanya, chini ikaungua nyeusi na katikati ikabaki mbichi, watoto wakaila kwa kijiko na wakafurahi lakini mimi nilikuwa nimeita wakwe. Mwaka huu nataka keki ya matunda ya kueleweka. – Mama wa watatu, Nkuhungu*

Nzuri mama watatu, pole na wakwe. Hilo swali nalipenda kuliko yote maana mimi mwenyewe oveni nimeipata nikiwa na watoto wanasoma sekondari, kabla ya hapo keki zote ni sufuria, na zilikuwa keki kweli.

Kosa karibu kila mtu analifanya ni lilelile, makaa mengi chini. Chini unatakiwa uweke machache sana. Joto lenyewe linapanda, halihitaji kusukumwa, ila la juu ndo lazima ulibebeshe kwenye mfuniko. Mimi nikigawa makaa mafungu matatu, mawili yanapanda juu ya mfuniko, moja linabaki jikoni na hilo moja nalitandaza pembeni pembeni, katikati naacha wazi.

Chukua sufuria kubwa nzito, mwaga mchanga mkavu ndani unene wa vidole viwili. Mchanga uuchekeche jamani. Mwaka mmoja nilichota wa korongoni baada ya mvua nikajua nitaukausha hapohapo kwenye moto, kumbe una vipande vya mizizi na majani, ukaanza kutoa moshi taratibu na mimi niko sebuleni napiga stori, keki ikatoka inanukia shamba lililochomwa. Mgeni mmoja akaniuliza kwa heshima kabisa kama nimeibanika kama samaki. Tangu siku hiyo mchanga wangu wa keki nautunza kwenye ndoo yenye mfuniko, una miaka zaidi ya umri wa mtoto wa mwisho.

Juu ya mchanga weka vijiwe vitatu bapa au kifuniko cha chuma, ndo ukalishe sufuria ndogo ya keki, isiguse mchanga. Funika, pasha tupu kwa dakika kumi na tano. Kujua moto umefika, weka kijiko cha unga kwenye kisahani cha bati uingize ndani, dakika tano utoke na rangi ya chai ya maziwa. Ukitoka mweusi toa makaa, ukitoka mweupe ongeza juu. Usiweke makaa yanayowaka moto mwekundu na cheche, subiri mpaka yavae majivu, yakishakuwa na kile kijivu cha kama nywele za babu ndo yanatoa joto la kutulia.

Vipimo vya sufuria ya upana wa sentimita 20 hivi: unga wa ngano robo kilo, siagi au Blue Band gramu 200, sukari gramu 200, mayai manne, zabibu kavu na matunda makavu mengine gramu 400, beking pauda kijiko kidogo kisichojaa, mdalasini kijiko kidogo, kungumanga na karafuu ya kusaga kidogo tu ya kushika kwa ncha ya kisu, na maganda ya chungwa moja uliyokwangua. Siagi na sukari chapa mpaka mkono uchoke na rangi iwe nyeupe, yai moja moja, kila yai na kijiko cha unga ili isikatike. Matunda yaviringishe kwenye unga kidogo kabla ya kuyaingiza, ukiyatupa hivihivi yanazama yote chini unapata keki ghorofa mbili, juu mkate chini zabibu. Sufuria ndogo itandaze karatasi mbili ndani, chini na pembeni, karatasi ya kuokea au hata ya daftari isiyoandikwa uliyoipaka mafuta.

Alafu uwe mvumilivu. Keki ya matunda ni nzito, kwenye moto mdogo inakula saa moja na nusu mpaka mbili. Makaa ya juu yanachoka baada ya kama dakika 40, badilisha bila kufunua, uwe na jiko lingine pembeni lenye makaa tayari. Baada ya saa na robo ndo ufunue mara ya kwanza, utumbukize njiti ya meno katikati, ikitoka kavu imeiva. Ikianza kuiva sana juu na ndani bado, shusha nusu ya makaa ya mfuniko.

Na tafadhali, Desemba mvua ikianza usije ukaingiza hilo jiko ndani na kufunga mlango kwa sababu ya manyunyu. Hewa ya mkaa haina harufu na inaua. Pika barazani.

Kwa wenye gesi, mtindo ni huohuo wa sufuria na mchanga, moto mdogo kabisa, ila juu hakutaiva rangi vizuri kwa vile hamna makaa, kwa hiyo keki yako itakuwa nyeupe usoni, ifunike na aisingi maisha yaendelee. Serikali inataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania tuwe tunapikia nishati safi, basi na sisi wa keki tujifunze mapema.

Keki ya matunda bila pombe

*Asalaam aleykum dada. Sisi ni Waislamu, majirani zangu pande zote ni Wakristo na kila Krismasi sahani inakuja kwangu, na mimi Idi nawarudishia. Mwaka huu nataka niwaandalie mimi keki ya matunda iwe sapraizi. Kila ninapoangalia wanasema loweka matunda kwenye brandi wiki nne. Naweza kuacha? Na nilisikia zabibu za Dodoma haziwezi kukaushwa nyumbani, ni kweli? – Jirani mwema, Chang'ombe*

Waaleykum salaam dada yangu, hao majirani wana bahati.

Brandi unaacha bila wasiwasi wowote. Kazi yake kwenye ile keki ni mbili, kulainisha matunda yaliyokauka na kuifanya keki isioze ikikaa muda mrefu. Ile keki na ndugu yake pudini zimetoka Uingereza, na kule Desemba ni baridi, miti imebaki vijiti, hamna embe wala papai, kwa hiyo sikukuu yao iliangukia kwenye vitu vya kuhifadhi, zabibu kavu, maganda ya machungwa yaliyopikwa na sukari, viungo kutoka mbali. Waanglikana wa huko wana mpaka Jumapili yake, ya mwisho kabla ya Majilio, sala ya siku hiyo inaanza kwa kumuomba Bwana achochee mioyo ya watu wake, basi watu wakisikia "chochea" wanakumbuka pudini haijakorogwa, wakitoka kanisani nyumba nzima inapokezana mwiko. Ndo hizo wiki nne na zaidi unazozisoma. Sisi huku Desemba maembe yanaanguka yenyewe, hatuna haja ya kuoka keki Novemba tukaificha kabatini.

Wewe pika chai ya rangi nzito kikombe kimoja, kipande cha tangawizi na mdalasini ndani, kamulia machungwa mawili, mwagia matunda gramu 400 yakiwa bado ya moto, funika yalale mpaka asubuhi. Yatavimba yang'ae. Yachuje kabla ya kuchanganya, ile supu yake usimwage, pakaza keki ikitoka kwenye moto ingali moto. Vipimo vingine tumia hivyo vya mama wa Nkuhungu hapo juu. Ila jua keki yako haina cha kuilinda, ioke tarehe 21 au 22, izungushie karatasi na foili, ukiweka kwenye friji itakaa zaidi ya wiki. Kitu kimoja watu wanasahau, vanila ya chupa nyingine imetengenezwa kwa pombe, soma kibandiko au weka iliki tu, kwa maoni yangu iliki ni tamu zaidi.

Sasa zabibu. Nani kakudanganya? Zinakaushwa, ila muda ndo watu wanakosea. Zabibu zetu zinavunwa mara mbili, Februari na Machi, alafu Agosti na Septemba. Za Februari ni mvua, ukianika zinaota ukungu. Za Agosti na Septemba ndo zenyewe, jua kali, upepo mkavu, hamna hata wingu. Kwa hiyo za Krismasi hii kama hukuanika basi nunua sokoni Majengo, za mwakani weka alama kwenye kalenda.

Ukifika wakati wake chambua zile zilizoiva kabisa, zenye ufa tupa. Tumbukiza kwenye maji yanayochemka kwa sekunde chache tu, utaona ganda linatokea nyufa ndogo kama za nywele, hapo toa haraka kwenye maji baridi. Zile nyufa ndo mlango wa maji kutokea, bila hivyo ganda lina nta na linakaa na maji yake wiki nzima linakutazama. Tandaza kwenye wavu au ungo, juu funika chandarua maana nyuki watakuja, na nyigu watakuja, na watoto watakuja. Jioni ingiza ndani kwa ajili ya umande. Kila siku zigeuze. Ukibonyeza na haitoi maji lakini inakunjika bila kuvunjika, tayari. Usishangae wingi kupotea, kilo nne mbichi zinakupa kama kilo moja kavu. Na mbegu zipo, nyingi ya zabibu zetu zina mbegu, mimi nazipasua moja moja kwa kisu nikiwa nasikiliza redio, mume wangu anasema ni wendawazimu, lakini keki akila hatemi kitu.

Mkwe wa Kimarekani na boga la Kongwa

*Mwanangu mpishi, mimi ni mama mzee wa Kongwa, ninaandikiwa na mjukuu. Mwanangu wa kiume ameoa Mmarekani, wanakuja mwezi wa kumi na moja. Kanipigia simu anasema mkewe atakuwa na sikukuu yao ya shukrani na siku hiyo hula pai ya boga. Boga mimi nalijua la kuchemsha na la karanga. Hiyo pai ni kitu gani, nisije nikaaibika kwa mkwe.*

Shikamoo mama. Huwezi kuaibika, una maboga tayari, nusu ya kazi imekwisha.

Hiyo sikukuu yao huwa Alhamisi ya nne ya Novemba. Rais wao Abraham Lincoln ndiye aliyeitangazia nchi nzima mwaka 1863, na mwaka 1941 ikawekwa kwenye sheria kuwa Alhamisi hiyo ya nne. Ni kama sherehe ya mavuno, wanakula bata mzinga na mwishoni pai ya boga. Kwao Novemba ndiyo mavuno yamemalizika na baridi inaingia. Kwetu ndo tunaandaa mashamba, lakini boga la kuhifadhi likikaa ghalani toka mwezi wa tano linazidi utamu, hilo ndilo ulichague mama, lenye ganda gumu na kikonyo kilichokauka.

Pai ni kama chapati nene iliyokaa kwenye sahani ya bati, ndani imejazwa boga lililopondwa na mayai na maziwa, ikaokwa mpaka ikaganda.

Boga usilichemshe. Likichemshwa linakunywa maji na pai haitaganda, itakuwa mtori. Likate vipande na ganda lake, libanike au lifukie pembeni ya makaa kwenye foili mpaka lilainike, kwangua nyama yake, ponda, alafu liweke kwenye kitambaa safi lining'inie saa moja lichuje maji. Unahitaji gramu 425 hivi, kama vikombe viwili visivyojaa. Changanya na mayai mawili, sukari gramu 150, chumvi kidogo, mdalasini kijiko kidogo kimoja, tangawizi ya unga nusu kijiko, karafuu ya kusaga chini ya robo kijiko, karafuu ikizidi pai inakuwa dawa ya meno. Wao wanatumia maziwa ya kopo yaliyopunguzwa maji. Wewe mama chukua maziwa ya ng'ombe wako mililita 750, yachemshe taratibu huku ukikoroga mpaka yabaki kama 350, yapoe, ndo hayohayo ya kopo na yana ladha kuyashinda.

Hilo ganda la chini mjukuu alifanye alfajiri kabla jua halijawaka, maana siagi ya Kongwa saa sita mchana ni mafuta ya kupaka. Unga robo kilo, siagi baridi gramu 125 ikatwe vipande, chumvi, visuguliwe kwa ncha za vidole mpaka ziwe kama chenga za unga wa ugali, alafu maji ya mtungini vijiko vikubwa vitatu mpaka vitano, vishikane tu. Asikande kama chapati! Likikandwa linakuwa gumu la kumvunja mkwe jino. Lipumzike nusu saa mahali pa baridi, lisukumwe, lilazwe kwenye sahani ya bati, juu yake karatasi na maharage makavu ya kulizuia lisivimbe, lioke tupu dakika 15, hapo ndo pekee nitakaporuhusu makaa ya chini yawe mengi. Toa maharage, mwaga boga, punguza moto wa chini, dakika 45 au 50. Ukitikisa sahani pembeni pametulia na katikati panatetemeka kidogo kama jeli, toa. Itamalizikia kuganda ikipoa, msiikate ya moto.

Na lile boga la karanga, mama, lipike pia siku hiyo na uliweke mezani pembeni ya pai.

Hosteli, hamna jiko la maana

*Mambo vipi shangazi, mimi mwanachuo wa UDOM, nataka kupeleka kitu kitamu nyumbani Singida likizo ya Desemba, nina jiko dogo la gesi na kikaango kimoja. Bajeti imekata.*

Poa mwanangu, ila hiyo salamu nitaipeleka kwa mama yako. Fanya kashata. Karanga nusu kilo kaanga utoe maganda, sukari gramu 300 na maji nusu kikombe chemsha mpaka ukidondosha tone kwenye maji baridi linakuwa kijidonge, tia iliki, mwaga karanga, koroga haraka, pindua kwenye sinia uliyopaka mafuta ya alizeti, kata kabla haijapoa. Ukichelewa dakika mbili utakata kwa nyundo.

Biskuti za kusafiri

*Shangazi shikamoo, nataka biskuti za tangawizi za kuwapelekea wadogo zangu Dar kwenye treni, nilizopeleka mwaka jana zilifika zimelegea kama mkate. – Ilazo*

Marahaba. Hazikulegea kwenye treni, treni ya mwendokasi siku hizi masaa manne hayafiki. Zimelegea Dar. Biskuti yenye sukari na asali inavuta unyevu, Dodoma hamna unyevu wa kuvuta, ukifungua kopo Kariakoo inalewa hewa ya bahari hapohapo.

Unga gramu 350, beking soda kijiko kidogo kimoja, tangawizi ya unga vijiko vidogo viwili, mdalasini kimoja, siagi gramu 125 isuguliwe humo, sukari gramu 150, yai moja na asali vijiko vikubwa vinne. Asali ukipata ya Manyoni au Itigi usiulize mara mbili, ni nzito na ina harufu ya miti. Wajerumani wa Nuremberg biskuti zao za Krismasi nazo ni asali na viungo, kwa hiyo hujabuni kitu, unafuata njia ya zamani. Kanda kidogo, lipumzike robo saa, sukuma unene wa milimita tano, kata maumbo, kama huna kikatio mdomo wa glasi unatosha. Oveni nyuzi 180, dakika 12, ya sufuria dakika 15 na uchunguze maana asali inaungua kabla hujaona. Kwa safari mimi naziacha dakika mbili zaidi zikauke kabisa.

Zipoe kabisa kabisa, hata saa mbili, ndo zifungwe kwenye kopo la bati au ndoo ndogo yenye mfuniko unaobana. Ukifunga zikiwa vuguvugu umefunga mvuke ndani. Na waambie wadogo zako wakishafungua wale wamalize, sidhani kama watalalamika.

Keki ya sabuni

*Shangazi, toleo lililopita uliandika keki ya ndizi, "beking soda kijiko kikubwa kimoja na nusu". Nimefuata hivyohivyo. Keki imekuwa ya kahawia iliyoiva sana na ina ladha ya sabuni ya kufulia. Nimekosea wapi? – Msomaji wako wa siku zote, Kikuyu*

Hujakosea, nimekosea mimi. Nilivyoandika kwenye karatasi ni kijiko kidogo kimoja, nikaja kuandika kwenye simu usiku umeme umekatika, miwani sijui niliiacha wapi, kikawa kikubwa na nusu ikaongezeka yenyewe sijui imetoka wapi. Soda ikizidi inabaki haijapata tindikali ya kuimaliza, ndo hiyo sabuni uliyoionja. Kwa ndizi tatu zilizoiva na unga gramu 250 ni kijiko kidogo kimoja, na kwa huku juu kwetu hata kisijae.

Wote mliooka ile ya toleo lililopita mnisamehe. Kama bado ipo, kuku hawaikatai, nimejaribu kwa wa kwangu.